CHUO CHA SERAMPORE: KAZI YA WABAPTISTI CHINI YA ULINZI WA MFALME WA KILUTHERI

1. Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka 100, ni desturi njema kuwakumbuka wamisionari, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliotutangulia. Lakini nyuma ya kila mchungaji yupo mwalimu wake, na nyuma ya mwalimu kipo chuo. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu, ambao nao wangefaa kuwafundisha wengine (2 Timotheo 2:2). Juu ya agizo hilo vimejengwa vyuo vyote vya theolojia.

Katika sura hii nitaeleza habari za chuo ambacho si cha Kilutheri wala hakiko Afrika, nacho ni Chuo cha Serampore nchini India, kilichoanzishwa na Wabaptisti mwaka 1818. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, bila ulinzi wa dola ya Kilutheri ya Denmark, chuo hicho kisingalipata mahali pa kusimama. Pili, maswali yaliyowakabili waasisi wake yangali mezani petu hata leo: Tufundishe kwa lugha gani? Tumfundishe nani? Nani atalipa gharama? Na chuo ni mali ya nani?

2. Mahali na watu

William Carey alizaliwa Uingereza mwaka 1761 katika kijiji cha Paulerspury, akajifunza kazi ya kushona viatu. Akiwa mchungaji wa Kibaptisti aliwahimiza wenzake kupeleka Injili kwa mataifa, na mwezi Oktoba 1792 Chama cha Misioni cha Wabaptisti kikaanzishwa mjini Kettering. Mwaka uliofuata Carey alifika Bengal. Huko alikuta kikwazo kisichotoka kwa Wahindi, bali kwa Waingereza wenzake. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, iliyotawala sehemu kubwa ya nchi, haikutaka wamisionari katika eneo lake, kwa kuhofia kwamba mahubiri yangeleta ghasia na kuharibu biashara.

Hapo ndipo historia yao inapokutana na yetu. Kando ya mto Hooghly, kaskazini mwa Calcutta, palikuwa na mji mdogo wa Serampore uliokuwa koloni la Denmark. Wadenmark walikwisha kuwazoea wamisionari. Mfalme Frederick IV ndiye aliyewatuma Walutheri Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliofika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706. Ziegenbalg alitafsiri Agano Jipya kwa Kitamili, akaanzisha shule, na mwaka 1716 akafungua seminari ya kuwaandaa watumishi wenyeji. Kwa hiyo Joshua Marshman, mwalimu wa shule, na William Ward, mchapaji, walipotua Serampore mwezi Oktoba 1799, gavana Ole Bie aliwapokea na kukataa kuwatoa. Carey alijiunga nao mwezi Januari 1800.

Watu hao watatu waliishi kwa mfuko mmoja. Mshahara wa Carey, aliyefundisha lugha katika Chuo cha Fort William kuanzia mwaka 1801, na mapato ya shule za Marshman na mkewe Hannah, yote yaliingia katika kazi ya misioni. Agano Jipya la Kibengali lilichapwa mwaka 1801, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1809. Mwezi Machi 1812 moto uliteketeza kiwanda cha uchapaji pamoja na karatasi, herufi na miswada ya miaka mingi, nao wakaanza upya. Kwa jumla Maandiko, mazima au kwa sehemu, yalitoka Serampore katika lugha zaidi ya 30.

3. Kuanzishwa kwa chuo

Kadiri kazi ilivyopanuka, waasisi walitambua kwamba Wazungu wachache hawawezi kuihubiri India yote. Wahindi wenyewe ndio watakaowafikia Wahindi, na kwa hiyo sharti waelimishwe. Mwezi Julai 1818 walitangaza mpango wa chuo cha kuwafundisha vijana wa Asia, Wakristo na wasio Wakristo, maarifa ya Mashariki na sayansi ya Ulaya. Kilianza na wanafunzi 37, na kati yao 19 walikuwa Wakristo.

Mambo mawili yalikitofautisha chuo hiki. La kwanza ni mlango wake. Mwanafunzi hakuzuiliwa kwa sababu ya tabaka, rangi wala nchi aliyotoka, na asiye Mkristo hakulazimishwa kubadili imani ili apate kusoma. Katika jamii ambamo tabaka liliamua hata nani ale na nani, hilo halikuwa jambo dogo.

La pili ni lugha. Masomo yalitolewa hasa kwa Kibengali, na Kisanskriti kilipewa heshima kubwa. Kisanskriti kilikuwa lugha ya maandiko ya Kihindu, nacho kilikuwa milki ya wasomi wa tabaka la juu. Waasisi walitaka Mkristo mwenyeji, hata yule wa tabaka la chini, aweze kukaa na msomi wa Kihindu na kujadiliana naye bila kuona haya. John Mack, Mskoti aliyefika mwaka 1821 kufundisha sayansi, aliandika kitabu cha kemia kwa Kibengali. Msomaji Mlutheri atakumbuka kwamba Martin Luther naye, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alisisitiza kwamba Injili haitadumu pasipo shule na lugha.

4. Hati ya Mfalme

Waasisi walijua kwamba elimu isiyotambuliwa humwacha mhitimu mikono mitupu. Marshman alisafiri hadi Copenhagen, na tarehe 23 Februari 1827 Mfalme Frederick VI akakipa chuo Hati ya Kifalme yenye mamlaka ya kutoa shahada, sawa na vyuo vikuu vya Copenhagen na Kiel. Mfalme Mlutheri aliwapa Wabaptisti heshima hiyo, ingawa kuhusu ubatizo wa watoto wachanga hawakukubaliana kamwe.

5. Miaka ya majaribu

Hata hivyo, mamlaka hayo yalikaa miaka 88 bila shahada hata moja kutolewa. Sababu zake zatupasa kuzitafakari.

Sababu ya kwanza ni ugomvi juu ya mali. Watatu wale walinunua viwanja na kujenga kwa fedha walizozichuma wenyewe. Wazee wa chama walioanza nao kule Uingereza walipofariki, viongozi wapya walidai usimamizi wa mali hiyo, na wamisionari vijana nao wakalalamikia mamlaka ya wazee wa Serampore. Mwaka 1827, mwaka ule ule wa Hati, Serampore na chama vilitengana. Mapatano yalipatikana mwaka 1837, Ward na Carey wakiwa wamekwisha kufariki. Marshman naye alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo.

Sababu ya pili ni fedha. Kuanzia mwaka 1830 nyumba kubwa za biashara za Calcutta zilifilisika moja baada ya nyingine, na akiba ya misioni ikapotea pamoja nazo.

Sababu ya tatu ni mwelekeo wa elimu. Mwaka 1830 Mskoti Alexander Duff alifungua shule Calcutta iliyofundisha elimu ya juu kwa Kiingereza, na mwaka 1835 serikali ikaamua kuegemea upande huo. Vijana walikimbilia Kiingereza kilichowapatia kazi serikalini. Njia ya Serampore ikaonekana imepitwa na wakati.

Mwaka 1845 Denmark iliiuzia Uingereza mji wa Serampore, lakini mkataba wa mauzo ulilinda haki za chuo. John Clark Marshman, mwana wa mwasisi, alikibeba chuo hadi Chama cha Misioni kilipokichukua. Mwaka 1883 masomo ya kawaida ya chuo yalisitishwa, kikabaki kuwa mahali pa kuwaandaa watumishi wa kanisa.

6. Kufufuliwa kwa chuo

Aliyekifufua chuo ni mkuu wake, George Howells. Mwaka 1910 idara ya theolojia ilifunguliwa upya kwa ajili ya wanafunzi wa madhehebu mbalimbali, na mwaka 1915 shahada za kwanza za theolojia zikatolewa kwa nguvu ya Hati ile ile ya Frederick VI. Mwaka 1918, chuo kilipotimiza miaka 100, Baraza la Kutunga Sheria la Bengal lilipitisha sheria iliyounda Seneti yenye wajumbe wa makanisa mbalimbali.

Matokeo yake ni makubwa. Leo vyuo zaidi ya 50 vya theolojia vinashirikiana na Seneti ya Serampore, na kimojawapo ni Gurukul, chuo cha Walutheri mjini Chennai. Hivyo kile ambacho mfalme Mlutheri aliwapa Wabaptisti kimewarudia Walutheri wa India wenyewe.

7. Mafundisho kwetu

Chuo chetu cha Makumira, kilichoanza Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954, kina historia yake. Lakini Serampore yatufundisha mambo matatu.

Mosi, lugha. Wachungaji wetu wengi husoma theolojia kwa Kiingereza na kuhubiri kwa Kiswahili. Kiingereza kimetufungulia maktaba za dunia, wala sisemi tukiache. Ila mwanatheolojia asiyeweza kueleza kuhesabiwa haki kwa imani kwa lugha ya bibi yake aliyeko kijijini, bado hajamaliza masomo. Vitabu vya theolojia vilivyoandikwa kwa Kiswahili, wala si kutafsiriwa tu, vingali vichache mno.

Pili, mali. Waasisi wa Serampore walikuwa watu waaminifu, na bado waligombana na ndugu zao miaka 10 kwa sababu umiliki haukuwekwa wazi mapema. Uaminifu wa wazee hauwezi kushika nafasi ya hati iliyoandikwa vizuri. Jambo hilo linavihusu vyuo, na linauhusu usharika wenye viwanja, shule au zahanati.

Tatu, uvumilivu. Carey alifariki mwaka 1834 bila kumwona mhitimu hata mmoja akipokea shahada chini ya Hati ile. Sadaka ya elimu ya theolojia hutolewa na watu ambao mara nyingi hawatamsikia mhubiri waliyemsomesha. Usharika unaomtuma kijana wake chuoni mwaka huu unaandaa mahubiri yatakayosikiwa na watoto wa watoto wake. Bwana wa mavuno na atupe moyo wa kutoa kwa ajili ya hao tusiowajua.