Majina ya miti na mimea pori: kuutambua mmea kabla ya kuutaja

Kamusi nyingi huandika *mkuyu* mbele ya neno la Kiingereza *sycamore* na kuishia hapo. Kwa mfasiri wa Injili ya Luka jibu hilo linatosha: mti alioupanda Zakayo mjini Yeriko ni *Ficus sycomorus*, na huo ndio mkuyu uotao kando ya mito ya Afrika Mashariki, wenye gome la umanjano, majani yanayokwaruza kiganja, na makuyu yanayoota kwa vishada juu ya shina na matawi makubwa. Kwa mfasiri wa riwaya ya Kiingereza jibu hilohilo ni kosa. Uingereza neno hilo hutaja *Acer pseudoplatanus*, mti wa nchi za baridi wenye majani ya ncha tano na mbegu zenye mabawa. Marekani hutaja *Platanus occidentalis*, ambao gome lake hubanduka na kuacha shina jeupe. Msomaji wa Morogoro anayeelezwa kwamba mikuyu imesimama mitupu katika theluji hupewa mti anaoujua, ukiwa mahali usipoweza kuishi.

Kosa hili halitokani na uchache wa msamiati. Linatokana na kutafuta neno kabla ya kuutambua mmea wenyewe. Jina la mti huzaliwa mahali fulani, katika hali fulani ya hewa, miongoni mwa watu wenye haja fulani na mti huo.

Umbo la jina na maana yake

Majina mengi ya miti yamo katika ngeli ya U-I, na jina la kinachopatikana kwenye mti huundwa kwa kubadili kiambishi: *mwembe* na *embe*, *mkarafuu* na *karafuu*, *mkwaju* na *ukwaju*. Wanafunzi hufundishwa kwamba jina la pili ni la tunda. Kanuni hiyo ni finyu mno. *Ukindu* si tunda la mkindu, bali ni majani yake yanayosukiwa mikeka. *Mbuyu* una majina mawili: *buyu* ni tunda lenye ganda gumu, ambalo likikaushwa huwa chombo cha kuchotea maji, na *ubuyu* ni kile kinacholiwa ndani yake. *Mgomba* na *ndizi* havifuati kanuni kabisa. Kinachotajwa na jina la pili, basi, ni kile ambacho watu wamekithamini katika mti.

Thamani hiyo hiyo hueleza kwa nini Kiswahili hakina neno moja la kawaida linalokusanya mnazi na ndugu zake wote, kama Kiingereza kilivyo na *palm*. Mnazi ni wa pwani. Mchikichi, mama wa mawese, ni wa Kigoma na Kongo kwenye mvua nyingi. Mtende ni wa Omani na nchi kavu. Mkindu hupenda mabonde yenye maji. Mkoche hustahimili ukame, na shina lake hugawanyika matawi, jambo ambalo ni nadra katika jamii hii. Mvumo hutambulika kwa shina linalovimba katikati au juu yake. Anayetaka kuitofautisha aanze na jani: la mnazi, mtende, mkindu na mchikichi limechanwa kama unyoya, la mkoche na mvumo limekunjuka kama kipepeo cha kupepea moto. Mfasiri anayekuta *palm* katika habari ya Malaysia akaandika *mtende* amehamisha shamba la michikichi kwenda jangwani.

Mikoko: jina la jumla na jina la mti mmoja

Neno *mikoko* hutumika leo kwa msitu wote wa miti ya maji ya chumvi. Kwa mjenzi au fundi wa majahazi, hata hivyo, *mkoko* ni mti mmoja, *Rhizophora mucronata*, unaosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui na kutoa boriti zilizosafirishwa kwa karne nyingi hadi Uarabuni na Ghuba. *Mchu* hauna miguu hiyo. Mizizi yake myembamba huchomoza wima kutoka matopeni kama penseli. *Mlilana*, ulio karibu zaidi na bahari, una mizizi ya namna hiyo lakini minene, yenye umbo la pia, na mti wake umetumiwa kwa mataruma ya vyombo. *Mkandaa* ni mti wa gome la kutilia rangi na kulainishia ngozi. *Mkomafi* hutambulika kwa tunda la mviringo linalokaribia ukubwa wa kichwa cha mtoto. *Msinzi*, ambao mahali pengine huitwa *muia*, una mizizi iliyokunjika kama magoti.

Tofauti hizi zina uzito katika matini za sheria na hifadhi. Sentensi “Ni marufuku kukata mikoko” husomeka Dodoma kuwa inahusu msitu mzima. Rufiji au Lamu yupo anayeweza kuuliza kama mchu nao umo. Mwandishi makini huandika *miti ya mikoko ya aina zote*, au huitaja mmoja mmoja.

Miti ya Maandiko na miti ya viwandani

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walikutana na miti ambayo wasomaji wao hawakuwahi kuiona, wakachagua kuyaazima majina ya Kiebrania: *mberoshi*, *mtidhari*, *mteashuri*. Njia hiyo ni ya uaminifu, kwani haidai ujuzi usiokuwepo, ijapokuwa humwacha msomaji bila picha yoyote. Pale walipoandika *mshita*, lakini, picha ilikuwepo. Mshita ni mgunga, na aina inayofikiriwa na wengi kuwa ndiyo ya Sinai, *Vachellia tortilis*, ndiyo hiyo yenye umbo la mwavuli katika nyika za Tanzania na Kenya. Neno la kigeni liliifunga njia iliyokuwa wazi. (Jina *Acacia* lenyewe liliondolewa kwa miti ya Afrika baada ya uamuzi wa mkutano wa wataalamu wa mimea mjini Vienna mwaka 2005, likabaki kwa jamaa zake wa Australia. Mgunga haukuathirika.)

Mti wa sindano wa nchi za baridi huitwa *msonobari* vitabuni, kutoka Kiarabu. Katika soko la mbao Tanzania huitwa *paina*, kwa kuwa huko umejulikana kupitia mashamba ya kupandwa kama Sao Hill, Mufindi. Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake: msonobari katika hadithi ya Norway, paina katika ankara ya mbao. *Mvinje* wa fukwe za Bahari ya Hindi hufanana na msonobari kwa mbali, lakini vijiti vyake vya kijani ni matawi yenye vifundo, nao si wa jamii hiyo.

Pale kosa linapodhuru

*Mnavu* ni mboga. Majani yake hupikwa nyumba nyingi Tanzania, na Kenya hujulikana zaidi kama *managu*. Vitabu vya Ulaya huuweka katika kundi moja la jina na *Atropa belladonna*, mmea wenye sumu kali. Mfasiri asiyechunguza huandika *mnavu* kwa yote mawili. Ua la mnavu ni dogo, jeupe, lenye umbo la nyota, na matunda yake hukaa kwa vishada. Ua la beladona ni kengele ya zambarau iliyofifia, na kila tunda jeusi limekaa peke yake juu ya kikombe cha majani. Kwa mmea huo iandikwe *beladona*, pamoja na jina la kisayansi.

Hatari iliyo karibu zaidi imo katika silabi moja. *Mnanaa* ni mmea wa nanaa ya kutia katika chai: shina lake lina pembe nne, na jani likifikichwa hunukia. *Mnanaha* ni *Datura*, wenye ua kama tarumbeta na tunda la miiba, na kila sehemu yake ni sumu. Wasemaji wengi hawaitamki h kwa nguvu, na mchapaji huiangusha bila kujua. Katika matini ya tiba au mapishi, jina la kisayansi liandikwe kwa hati za mlazo mara mmea unapotajwa kwanza, na msahihishaji aliangalie jina hilo katika kila toleo la rasimu, hata kama sentensi yenyewe haijaguswa.