Upanga Uliovunjika na Upanga Uliokunywa Roho: Jibu la Elric kwa Conan

Mwaka 1961 ulishuhudia mambo mawili katika historia ya fasihi ya Kiingereza ya kubuni. Kwanza, mwandishi Mwingereza Michael Moorcock aliuliza ni jina gani lizifae zile hadithi ambamo mpiganaji hukabiliana na wachawi na majini katika nchi zisizokuwako. Mmarekani Fritz Leiber akajibu kuwa ziitwe hadithi za upanga na uchawi. Pili, mwezi Juni, jarida la Science Fantasy lilitoa hadithi ya kwanza ya Moorcock kumhusu Elric. Hivyo utanzu ule ulipata jina na mpinzani karibu wakati mmoja.

Aliyepingwa alikuwa amezaliwa mapema zaidi. Mnamo Desemba 1932, Robert E. Howard wa Texas alichapisha The Phoenix on the Sword katika jarida la Weird Tales. Shujaa wake Conan, mwana wa mhunzi, ni mfalme aliyejipatia enzi kwa kumnyonga mfalme aliyemtangulia. Hana nasaba wala urithi; ana mwili wake. Waasi wanapomvamia usiku, upanga wake unavunjika, naye anashika shoka. Jini linapotokea, analiua kwa kipande cha upanga ule ule, ambao mwenye hekima wa kale alikuwa ameutia alama ya kinga. Kwa hiyo uchawi unamsaidia Conan pasipo kumdai lolote.

Mhariri John Carnell alimwomba Moorcock hadithi za mfano huo. Alichopewa ni kinyume chake. Elric hatoki nje ya ustaarabu: yeye ni wa mwisho katika ukoo wa wafalme wa Melniboné, dola iliyotawala dunia kwa miaka 10,000. Ana ualbino, ni dhaifu, naye huishi kwa dawa au kwa nguvu za upanga wake, Stormbringer, unaokunywa roho za wauawao. Anawaongoza maadui kuuteketeza mji wake mwenyewe, na katika vita hivyo upanga huo unamwua Cymoril, mpenzi wake. Anautupa baharini, hauzami. Mwishowe anajitosa majini kuufuata, kwa kuwa bila huo hawezi kuishi.

Si sahihi kusema kwamba Conan alikuwa mwema na Elric mwovu. Conan naye aliwahi kuwa mwizi na haramia. Tofauti imo katika gharama. Kwa Howard, nguvu ni mali ya mwenye nayo. Kwa Moorcock, nguvu ni deni, na aghalabu hulipwa na watu walio karibu na shujaa. Tofauti hiyo ina mizizi katika historia. Howard aliandika wakati wa mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, katika jimbo ambalo ugunduzi wa mafuta ulikuwa umeivuruga miji midogo, naye aliuona ustaarabu kuwa jambo la kupita. Moorcock, aliyezaliwa London mwaka 1939, alikulia katika mji uliopigwa mabomu, na Elric alitokea wakati dola ya Uingereza ikipoteza makoloni yake. Si ajabu, basi, kwamba shujaa wa Howard anauendea ufalme kama tunda la kuchuma, ilhali yule wa Moorcock anaukimbia kama urithi wenye damu.

Katika kitabu Stormbringer cha mwaka 1965, upanga unamwua Elric mwenyewe, na deni linafungwa. Hata hivyo, jibu hilo halikumfuta aliyejibiwa. Mwaka 1972, katika toleo la 14 na la 15 la katuni Conan the Barbarian, mashujaa hao wawili walikutanishwa, wakapigana upande mmoja. Tangu Elric atokee, msomaji amsomaye Conan ana swali ambalo Howard hakuliuliza: ushindi huu umelipwa na nani?