Sakafu ya mbao za ulimi na mfuo (Kagongwa)

Sakafu ya mbao za ulimi na mfuo ni sakafu ya mbao ngumu zilizochongwa ulimi ubavu mmoja na mfuo ubavu wa pili, ili kila ubao uume ndani ya mwenzake na msumari ubaki umefichika. Mafundi wa Tanzania huziita mbao za TG, na wateja wengi wamezizoea zaidi kwenye dari. Makala hii inahusu namna mwenye nyumba anavyoweza kuiweka mwenyewe Kagongwa, kata ya Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kwenye barabara itokayo Isaka kwenda Kahama mjini.

Kagongwa inajulikana kwa mashine za kukoboa mpunga na biashara ya mchele. Eneo zima limekuwa likijenga kwa kasi kwa fedha za mchele na za dhahabu, iwe ya wachimbaji wadogo au ya migodi mikubwa kama Bulyanhulu na Buzwagi, ambao ulifungwa mwaka 2021. Nyumba za hapa ni za tofali, na zimekaa juu ya zege lililomwagwa juu ya kifusi. Ndani huwekwa saruji iliyosakafiwa vizuri, na mfuko ukiruhusu, marumaru. Sakafu ya mbao ni adimu. Zile za zamani zinazoonekana katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, hasa katika nyumba na ofisi za wakati wa ukoloni, nyingi ni za vipande vifupi vilivyogandishwa kwenye zege. Ajabu ni kwamba ukanda huu umezungukwa na misitu ya miombo, inayotoa baadhi ya mbao bora kabisa za sakafu duniani.

Mbao

Mti wa kwanza kufikiriwa ni mninga (Pterocarpus angolensis). Kiini chake ni cha kahawia iliyochanganyika na wekundu, mchwa hawakipendi, na sifa yake kuu ni utulivu: mbao ya mninga iliyokauka hutanuka na kusinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi ngumu. Kwa mtu asiye fundi, sifa hiyo ina thamani kuliko ugumu. Sehemu nyeupe inayozunguka kiini haina kinga hiyo, wadudu huitoboa na kuigeuza unga, kwa hiyo ubao wenye mstari mweupe ubavuni ukataliwe hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa. Mkongo (Afzelia quanzensis) ni mgumu na mzito zaidi, unafaa sebule yenye pilikapilika, lakini lazima utobolewe kwa drili kabla ya msumari, na ukilowana hutoa rangi ya njano inayochafua ukuta na nguo. Mtiki wa mashamba ya Longuza, Mtibwa na bonde la Kilombero nao ni mzuri na hauvunji sheria ya mtu, ila mafuta yake ya asili huizuia gundi kushika.

Mninga na mkongo ni miti ya msitu wa asili, na kuikata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mbao zinazosafirishwa huambatana na hati ya kusafirishia. Tangu mkutano wa CITES wa Panama, Novemba 2022, jamii zote za Pterocarpus na Afzelia za Afrika zimeingizwa katika Kiambatisho cha II, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Msitu wa ukanda huu una walaji wengi: wachoma mkaa, wachoma tofali, na maduara ya dhahabu, ambayo kuta zake hushikiliwa na magogo yanayoitwa matimba. Mnunuzi anayedai risiti na hati kabla ya kutoa pesa analinda mti unaochukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa.

Unyevu

Hapa ndipo sakafu nyingi za mbao hufia, na hufia kabla msumari wa kwanza haujapigwa. Mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 40, kama siku za kiangazi, hutulia ikiwa na maji kama asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 75, kama wakati wa masika, hupanda hadi karibu asilimia 14. Tofauti hiyo huonekana kwenye upana wa ubao, si kwenye urefu. Chukua chumba cha upana wa mita 4, chenye mbao 40 za sentimita 10. Kila ubao ukitanuka nusu milimita tu, sakafu nzima imeongezeka milimita 20. Isipopata nafasi pembeni itanyanyuka katikati, au itasukuma ukuta. Zikiwekwa mbao mbichi mambo hugeuka: kiangazi kikifika zinasinyaa, ndimi zinachomoka kwenye mifuo, na sarafu inapita katikati ya ubao na ubao.

Mbao nyingi sokoni ni mbichi, hata kama muuzaji anaapa kwamba zimekaa. Ukavu hupimwa, na kifaa cha kuupima kipo kila mahali penye dhahabu: mizani ndogo ya mnunuzi wa dhahabu, inayosoma sehemu za gramu. Kata kipande cha sentimita 3 katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka upesi, ukipime papo hapo. Kisha kiweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 103 za Selsiasi, ukitoe na kukipima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 56 na kuishia gramu 50, maji yaliyokuwemo ni gramu 6 juu ya 50, yaani asilimia 12. Hicho ni kiwango kizuri. Kati ya 10 na 12 mbao iko katikati ya misimu miwili ya Kagongwa, na itapanda kidogo na kushuka kidogo bila kuumia. Ikizidi 15, irudishwe kukauka: ipangwe kivulini, juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na fito zilizonyooka juu ya mstari mmoja, na mawe mazito yawekwe juu kabisa. Mbao ya inchi moja huhitaji miezi kadhaa. Mashine ya kuranda na kuchonga ulimi ije baada ya kukauka, kamwe isitangulie.

Zege nalo lina maji. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni kwamba zege jipya hukauka kama milimita 25 kwa mwezi, kwa hiyo zege la milimita 100 lihesabiwe miezi minne. Ardhi ya Usukumani inataka umakini zaidi. Nyumba iliyojengwa juu, kwenye udongo wa kichanga unaoitwa luseni, huwa na sakafu kavu. Iliyosogea bondeni, karibu na majaruba ya mpunga kwenye udongo mweusi wa mbuga, hukaa juu ya ardhi inayovimba masika na kupasuka kiangazi, na unyevu hupanda ndani ya zege hata miaka mingi baada ya ujenzi. Kipimo chake ni chepesi: bandika kipande cha nailoni cha mita moja kila upande juu ya zege, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku tatu. Ukikuta matone chini yake au zege limegeuka jeusi, kazi isubiri. Mwezi wa kuanza usiwe ndani ya mvua, zinazodumu kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili.

Kuweka

Nyufa za zege zizibwe kwanza, kwa kuwa ndiyo milango ya mchwa. Juu yake itandikwe nailoni nzito ya geji 1000, ipandishwe ukutani kiasi cha sentimita 10, na maungio yapishane. Kisha zinafuata papi za mbili kwa mbili, mbao za paini zilizowekwa dawa, nyingi zikitoka mashamba ya Sao Hill, wilayani Mufindi. Papi ziachane sentimita 40, katikati hadi katikati, na zisawazishwe kwa pima maji na vipande vyembamba vya mbao ngumu. Pale skrubu inapotoboa nailoni, tundu lizibwe kwa lami. Wapo wanaojaza pumba za mpunga katikati ya papi kwa sababu zinapatikana bure kwenye mashine za Kagongwa. Ni kosa kubwa: pumba hushika unyevu na hukaribisha wadudu. Nafasi hiyo ibaki wazi.

Papi na ubao kwa pamoja huinua sakafu kama sentimita 7. Milango italazimika kukatwa chini na kizingiti kitabadilika, na hili lisipofikiriwa mapema hugundulika siku ya mwisho. Kwa nyumba ambayo haijakamilika, ni bora kulihesabu tangu fremu za milango zinapowekwa.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye eneo la mita za mraba 14, na ubao unaoonekana kwa upana wa milimita 85, zinatakiwa kama mita 165 za urefu. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, utapata mita 181, sawa na mbao 50 za futi 12. Zilete chumbani wiki mbili kabla ya kazi, zizoee hewa ya humo.

Safu ya kwanza huamua zote. Ipigwe kamba kutoka ukuta mrefu, ubao wa kwanza uwekwe ulimi ukitazama chumbani, ukiacha nafasi ya milimita 12 ukutani, na upigiliwe kutoka juu karibu na ukuta, ambapo msumari utafunikwa na mbao ya pembeni. Kuanzia safu ya pili, msumari wa inchi 2 huingia kwenye kona iliyo juu ya ulimi, kwa mlalo wa nyuzi 45, kila unapokutana na papi, na kichwa huzamishwa kwa panchi ili mfuo wa ubao unaofuata ukae sawasawa. Nyundo isiguse ulimi: tumia kipande cha mbao chenye mfuo wake, ukigongee hicho. Miisho ya mbao ipishane angalau sentimita 15 kati ya safu na safu. Mbao iliyopinda hunyooshwa kwa kabari, si kwa nguvu ya mikono.

Kumalizia na kutunza

Sakafu hupigwa msasa kufuata nyuzi za mbao, namba 40, kisha 80, kisha 120. Vumbi la mninga huwasha pua na ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta pumu, kwa hiyo barakoa ivaliwe na watoto wahamishwe. Vanishi ipakwe mara tatu. Anayetumia mafuta ya kitani atandaze matambara yake nje yakauke, maana yakirundikwa pamoja huweza kuwaka moto yenyewe.

Maganda ya mpunga yamejaa silika, na vumbi la mashine za kukoboa likiingia ndani hukwaruza vanishi, kwa hiyo mkeka wa mlangoni na ufagio laini ni vya lazima mjini hapa. Kupiga deki kwa ndoo ya maji kukomeshwe katika chumba hicho. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha. Bafuni na jikoni marumaru yabaki. Ubao wa milimita 20 huwa na kama milimita 6 au 7 za mbao juu ya ulimi, na kila kupigwa msasa upya huondoa chini ya milimita moja, hivyo sakafu ileile inaweza kufanywa mpya mara tatu au nne kabla ya kulazimika kung'olewa.