Pekee, Mseto na Insafu

Tangu 2018, katika hifadhi ya Grumeti, magharibi mwa Serengeti, kuna mbio zinazoitwa Serengeti Girls Run. Wanaokimbia ni wanawake, na fedha zinazochangwa husaidia wasichana wa vijiji vya jirani. Kwa Kiswahili tunakimbilia kuziita "mbio za wanawake pekee". Tuligeuze kwanza neno hilo, kabla ya kubishana kama mbio za namna hiyo zinaleta haki michezoni.

Pekee lina ukali wa kufukuza. Wa kwanza kusikika ndani yake ni yule aliyekatazwa. Uwanjani hatulihitaji: mita 800 za wanawake hazina mwanamume hata mmoja, na mtangazaji husema "mita 800 wanawake", basi. Neno linaingia barabarani, ambako mara nyingi wote huanza pamoja na matokeo hutenganishwa kwa maneno yale yale: "kwa upande wa wanawake". Upande! Kana kwamba mbio ni za wanaume, na wanawake wamepangishwa chumba cha uani.

Pendekezo langu ni kuhamisha alama. Mbio za wanawake ziitwe mbio za wanawake. Zilizochanganywa ndizo zibebe kivumishi. Neno tunalo: mseto, wa mchele na choroko, uliokwisha kupanda cheo hadi serikali ya mseto. Magdalena Shauri wetu aliposhika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin, Septemba 2023, kwa saa 2:18:41, alikimbia mbio mseto. Mshindi wa siku ile, Tigist Assefa wa Ethiopia, alitumia 2:11:53, rekodi ya dunia ya wakati huo. London, Aprili 2025, alikimbia na wanawake wenzake akamaliza kwa 2:15:50, na hiyo nayo ikawa rekodi, katika orodha nyingine. Miguu ni ile ile, orodha mbili. Kinachozitenganisha ni mwanamume mweka kasi, ambaye wengine humwita sungura, anayeweza kutangulia na kumkatia mwanamke upepo hadi mwisho. Rekodi ya mseto, rekodi ya wanawake: hapo hakuna anayepotea.

Sasa hilo neno kubwa, haki. Limechoka, maskini. Linabeba mahakama, mirathi na mipaka ya mashamba, kisha tunalitwisha na riadha. Usawa nao unadanganya: ukiwapa wote mstari mmoja na saa moja, umewafanya sawa, na umemnyima mwanamke medali. Mimi nalifufua insafu. Limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na nusu. Ni kumpa mwenzako fungu linalomstahili. Insafu na nusu marathoni, kumbe, ni ndugu wa damu.

Lakini wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zina neno zito kuliko hayo yote, nalo ni kukimbia. Msimu wa ukeketaji unapofika, hasa Desemba, ukisikia binti fulani amekimbia, usiulize amekimbia mita ngapi. Amekimbilia nyumba salama, Masanga au Mugumu. Kauli ya kutendea imefanya kazi yake hapo: kimbia ni kuacha unakotoka, kimbilia ni kuwa na pa kufika. Na anayekukimbilia wewe anaweza pia kuwa yule anayekuja mbio kukusaidia.

Ndiyo maana "mbio za wasichana" hainiridhishi kama tafsiri ya zile za Grumeti. Hiyo "za" haisemi kama wasichana ndio wakimbiaji au ndio walengwa. "Mbio za kuwakimbilia wasichana" ni ndefu kidogo, lakini inasema. Na kwa kuwa ni mbio za hisani, tusizipime kwa insafu, ambayo ni kipimo cha penye medali na saa. Zinachotoa ni nafasi, neno la kawaida kabisa ambalo halihitaji kupambwa.

Hukumu yangu basi: mbio za wanawake zinaleta insafu panaposhindaniwa, na nafasi panapochangiwa; anayeyachanganya hayo mawili atabishana mpaka jioni. Nanyi watangazaji wa Mara, mkishika kipaza sauti tena, utupeni ule "upande". Tangazeni mbio za wanawake kwa jina lake, na safari moja moja anzeni nazo.