Mtoto wa mbegu ya kuchangiwa: mzazi ni nani?

Kuna swali nimeulizwa na vijana zaidi ya mmoja, tena kwa kunong'ona: hao wanawake wawili wa Ulaya wanaoishi kama mke na mume, watoto wanawapata vipi? Leo naliweka mezani, bila matusi.

Kitaalamu si jambo gumu. Mwanamume anatoa mbegu, zinaingizwa kwa mwanamke kwa mrija mwembamba siku ambazo yai linatoka, kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hakuna kulala pamoja. Philadelphia, Marekani, ilishafanyika 1884, kwa mke ambaye mumewe hakuwa na mbegu. Mwaka 1953 zikapatikana mimba za mwanzo kwa mbegu zilizogandishwa. Mwaka 1982 ikaanzishwa benki ya mbegu Oakland, California, iliyopokea hata wanawake wasio na waume, wakiwemo wapenzi wa jinsia moja. Denmark kliniki ziliwafungulia mlango 2007. Wanaume wawili kwao kazi zaidi, maana lazima apatikane mwanamke wa kubeba mimba.

Sasa basi, mimba ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kutambuliwa. Afrika Kusini wanawake wawili walipata mapacha: yai la mmoja, tumbo la mwenzake, mbegu ya mchangiaji. Serikali ilitaka kuandika mzazi mmoja tu. Wakaenda Mahakama ya Katiba, na 2003 ikaamua wote wawili ni wazazi.

Na msidhani Afrika Mashariki ni mambo mapya kabisa. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu: mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke kijana, yule anazaa na mwanamume, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Si mapenzi, ni urithi na ukoo. Lakini inaonesha kuwa mwenye mbegu na mwenye mtoto si lazima wawe mtu mmoja.

Kwetu Zanzibar je? Sheria ya 2004 ilitaja wazi kuwa mahusiano ya wanawake kwa wanawake ni kosa la jinai, achilia mbali ya wanaume. Mimba bila ndoa nayo ina historia yake: sheria ya 1985 iliweza kumpeleka msichana jela, mpaka kifungo kikaondolewa 2005. Upande wa dini, Mufti wa Misri 1980 na wanazuoni wa fiqhi waliokutana Amman 1986 walikataza mbegu ya nje ya ndoa, kwa kulinda nasaba. Kwa hiyo anayezaa hivyo hapa, mwenzake mbele ya sheria ni mpita njia tu, hata kama ndiye anayemlea mtoto usiku na mchana.

Kinachonitisha mimi ni wanaofanya kwa siri nyumbani, kwa mbegu ya rafiki ambaye hajapimwa. Ukimwi na homa ya ini B vinapita humo humo. Benki za mbegu hugandisha kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, husubiri kama miezi 6, kisha humpima tena mchangiaji, kwa sababu kipimo cha leo kinaweza kukosa virusi vilivyoingia wiki iliyopita.

Haya wadau, uwanja wenu. Mwenye hoja alete hoja.