Itongo la Babu Lina Wenyewe Wangapi?

Kila tukifungua mjadala wa vijana juu ya Israeli na Palestina, dakika kumi hazipiti tumeshafika Rumonge. Mmoja anasema Wayahudi ndio walioanza kukaa pale. Mwingine anasema Waarabu ndio waliokutwa shambani. Wa tatu anauliza: na aliye kwenye itongo la babu yangu kule Imbo tangu 1973, tumwiteje? Swali la huyu wa tatu ndilo ninaloliandikia, kwa sababu linatugusa sisi wa ukanda wa ziwa, kuanzia Muhuta na Bugarama kushuka mpaka Nyanza-Lac.

Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Watu waliuawa, wengi wao Watutsi. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, mpaka wanafunzi na walimu ambao hawakujua lolote. Makadirio mengi yanapita watu 100,000. Waliosalimika walivuka, wengine kwenda Kongo, wengine Tanzania, ambako walifungua mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao ilibaki michikichi ikizaa.

Ardhi ya mawese haikai bila mtu, hilo kila mtu wa Rumonge analijua. Kuna walioingia wenyewe. Kuna waliogawiwa na viongozi wa serikali, kwa amri kabisa. Baadaye ukaja mradi wa mawese wa SRD Rumonge, vipande vikapangwa upya, na mipaka ya zamani ikapotea. Halafu kuna aliyenunua kwa aliyegawiwa, akajenga, akazika wazazi wake humo. Huyo ukimwita mwizi mbele ya watoto wake unamwonea. Tena msifikiri kila kesi ni Mhutu na Mtutsi. Kesi nyingi za Rumonge ni Mhutu kwa Mhutu, hata ndugu kwa ndugu: aliyekimbia na aliyebaki.

Sasa sheria. Mwaka 1977, chini ya Bagaza, ilitoka amri ya kuwarudishia haki zao waliokimbia 1972. Lakini mwaka 1986 ikaja sheria ya ardhi iliyosema kwamba aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 bila kudaiwa anakuwa mwenyewe, na kama aliingia kwa nia njema, miaka 15 inatosha. Piga hesabu. Ukianza 1972, miaka 30 inaisha 2002, na mwaka huohuo ndipo watu walianza kurudi kwa wingi kutoka Tanzania. Wamefika nyumbani, saa imeshagonga.

Lakini nani alikuwa anahesabiwa hiyo saa? Kanuni ya miaka 30 ilitungwa kwa mtu mvivu, aliyeacha shamba lake huku yupo na anaona. Mtu ambaye akirudi anauawa hakuacha shamba. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulilijibu hilo: mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana apewe fidia ya haki. Ndiyo maana mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB.

Mwanzoni tume ilipenda kugawanya: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekuwepo. Mzee aliyerudi alisema, kwa nini nigawane changu? Wa pili naye alisema, kwa nini nipoteze nusu ya jasho langu? Kuanzia 2011, chini ya Askofu Sérapion Bambonanire, tume ilibadilika: ardhi yote irudi kwa mwenyewe wa kwanza. Hapo moto ukawaka. Mwaka 2014 ikaongezwa mahakama maalumu ya ardhi, na mwaka 2015, baada ya watu kuandamana Makamba, serikali ikasimamisha kazi ya tume.

Turudi Palestina, maana kuna jambo wengi hawalijui. Baada ya vita vya kwanza, Umoja wa Mataifa wa zamani, ule wa Geneva, uliwapa Waingereza dhamana ya Palestina, na uleule ukawapa Wabelgiji Ruanda-Urundi. Hati ya Palestina ya 1922 iliandika kwamba Wayahudi wana uhusiano wa kihistoria na nchi hiyo. Hiyo ni karatasi yao ya kwanza, na ya pili ni azimio la 1947 la kugawa nchi. Waarabu wanajibu kwamba wao ndio walikuwa wengi, walikuwa na mashamba na hati za tangu Waturuki, na hakuna aliyewauliza. Baada ya vita vya 1948 Wapalestina kama 700,000 walikuwa nje. Azimio namba 194 likasema wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe, wasiorudi walipwe. Mwaka 1950 Israeli ikapitisha sheria ya mali za wasiokuwepo, ardhi zao zikaingia mikononi mwa serikali. Azimio 194 na Arusha ukizisoma pamoja, utadhani zimeandikwa na mtu mmoja.

Tofauti ni hii: Mrundi aliyerudi na aliyemkuta ni raia wa nchi moja, wanasimama mbele ya hakimu mmoja. Mpalestina wa kambi ya Lebanoni hana hata mlango wa mahakama hiyo. Kwa upande huo sisi tuna bahati, hata kama kesi inachukua miaka.

Kwa maoni yangu, miaka ya ukimbizi isihesabiwe dhidi ya mkimbizi. Lakini aliyepewa shamba na serikali asilipie peke yake kosa la serikali. Fidia ya Arusha ilikuwa kwa ajili ya hilo, na pesa ya kutosha haikuja.

Wasichana wa kundi letu wana swali lao. Kama itongo likirudi, na wao wamo? Kwa desturi ya Kirundi ardhi ya baba inakwenda kwa wavulana, na sheria ya urithi imezungumzwa miaka na miaka bila kupitishwa. Kwa hiyo dada anaweza kutoa ushahidi wa mpaka alioonyeshwa na bibi, ukoo ukashinda kesi, na yeye akarudi mikono mitupu.