Mfanyakazi Hewa

Hewa huvutwa bure, lakini serikalini iliwahi kulipwa mshahara. Katika Kiswahili cha Tanzania, hewa ni kitu kilichopo kwenye karatasi tu: mradi hewa, mkopo hewa, mwanafunzi hewa. Aliyelivumisha zaidi neno hili ni mfanyakazi hewa.

Mara nyingi si mtu wa kubuni. Ni mwalimu aliyefariki, muuguzi aliyestaafu au karani aliyeacha kazi, ila jina lake halikufutwa kwenye orodha ya malipo, na kila mwezi mtu mwingine anajichotea. Uongo huu una raha yake: mwongo halazimiki kusema lolote. Ananyamaza, anatia saini.

Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawasake wafanyakazi hewa. Anne Kilango Malecela wa Shinyanga akatangaza kuwa mkoani kwake hakuna hata mmoja. Uhakiki ukaibua 45, naye akaondolewa Aprili, hata mwezi haujatimia tangu aapishwe. (Sifuri ile nayo ilikuwa hewa.) Januari 2017 Magufuli huyohuyo alimteua kuwa mbunge.

Mwaka huo likatamba neno jingine, feki. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakatimuliwa. Hawa walikuwapo kazini, wengine wakifundisha na kutibu. Hewa ilikuwa kwenye cheti. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwarudishia michango yao ya hifadhi ya jamii.